Doze si Nap: Historia ya Neno Linalokupitia Safarini

Doze. Kamusi zinalitafsiri fasta tu: kusinzia. Wengi wanalichukulia poa, neno la mtu aliyeshiba pilau mchana akazimika kwenye kochi. Kumbe historia yake si ya raha kiasi hicho.

Neno hili lilianza kuonekana kwenye maandishi ya Kiingereza karne ya 17, na mwanzoni lilimaanisha kumduwaza mtu, kumlevya akili. Yaani doze ilikuwa kitu unachofanyiwa. Maana ya usingizi mwepesi ilishika baadaye. Nap ni mkongwe zaidi, yupo tangu Kiingereza cha kale, na huyo unampanga mwenyewe: unatega alamu, unajilaza. Doze haipangwi.

Kiswahili nacho kinatofautisha. Kulala unaamua, ila lepe la usingizi linakupitia tu. Anayesinzia hakukusudia.

Wasafiri wa Nakapanya, mkoani Ruvuma, wanaijua tofauti hiyo. Enzi za vumbi na matope, kati ya Mangaka na Tunduru nani angesinzia kwa amani? Shimo moja tu, kichwa kimegonga dirisha. Halafu ikaja lami. Ujenzi uligawanywa vipande viwili vilivyokutana hapohapo Nakapanya: kilomita 70.5 kutoka Mangaka, na 66.5 kwenda Tunduru. Sasa basi linateleza. Kijana wa dirishani shingo imelala, mama wa siti ya pili kaegemea bega la mtu asiyemjua, konda naye kope nzito.

Tatizo, lepe halichagui siti. Dereva akifumba macho sekunde 3 tu kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa, basi limeshakwenda zaidi ya mita 60 bila mtu. Na tangu 2023 mabasi yameruhusiwa tena kutembea usiku kucha Tanzania, baada ya miaka mingi ya katazo. Hapo ndo maana ya kale ya doze inarudi: mtu kaduwazwa, na mwenyewe hajui.

Kwa hiyo abiria akisinzia, mwache apumzike. Lakini ukimwona dereva anapikicha macho na miayo haiishi, usione aibu, mwambie konda gari lisimame. Dereva mwenzake apokee usukani, au alale kidogo kwa kuamua. Dawa ya doze ni nap.