Duara la Sufuria, Hesabu ya

Duara la sufuria ni kipande bapa cha aluminiamu au cha bati ambacho, kabla ya kuvutwa ndani ya kalibu kikawa chombo, hukatwa kwa kipimo kilichohesabiwa, ili ukingo usipungukiwe wala mali isiteketee kwa vipande vya kutupwa. Mombasa inastahiki kutajwa katika mlango huu, kwani ndiko ilikoasisiwa mwaka 1929 Kenya Aluminium and Industrial Works, mashuhuri zaidi kwa jina la Kaluworks. Na sufuria zisizo na mikono, zenye mdomo uliolala, zimetapakaa bara yote inayokizunguka kisiwa cha Mombasa, tangu Changamwe hata soko la Kongowea.

Kanuni

Kwa kuwa unene wa bati katika kuvutwa hubadilika kidogo tu, eneo la duara huhesabiwa kuwa sawa na eneo la kitako na ubavu wa chombo. Kipenyo cha chombo huzidishwa kwa chenyewe, ikaongezwa mara nne ya kipenyo kwa kina, kisha hutolewa kipeuo cha pili, ambacho ndicho kipenyo cha duara. Sufuria ya kipenyo cha sm 20 na kina cha sm 10 hutoa 400 na 800, jumla 1,200, ambayo kipeuo chake ni sm 34.6. Iwapo ina mdomo uliolala wa sm 2, kipenyo cha nje cha mdomo, yaani 24, huzidishwa kwa chenyewe badala ya 20, na duara hufikia sm 37.1.

Vipimo huchukuliwa katikati ya unene wa bati, na kitako kilichoviringwa pembeni hupunguza jawabu kidogo. Hapana budi pia kuacha ziada ya kupunguzwa, maana bati lililobanwa na magurudumu ya kiwanda halivutiki sawasawa kila upande, na ukingo hutoka na masikio.

Karai la nusu tufe lina hesabu ya kupendeza: Archimedes alikwisha kuthibitisha kwamba eneo la nusu tufe ni mara mbili ya duara la mdomo wake, basi kipenyo cha kuanzia ni mara 1.414 ya mdomo. Chombo chenye umbo la taabu hupimwa kwa mizani, uzito wake ukagawanywa kwa uzito wa sentimita moja ya mraba ya bati lile lile, likapatikana eneo la duara.

Mpaka wa kuvuta

Kipenyo cha duara aghalabu hakipiti mara mbili ya kipenyo cha chombo katika mvuto wa kwanza. Kikizidi, kitako hupasuka. Sufuria yetu yenye mdomo, kwa mara 1.85, imekaribia mpaka. Iliyo na kina zaidi huvutwa kwa awamu, ikapashwa moto kati ya awamu na awamu ili ilainike. Pete ya kuzuia hukinga makunyanzi.

Mafundi bati

Mafundi wa Likoni na Kisauni, wanaokunja na kuunga kwa mshono, huhesabu mzingo: kipenyo mara 3 na sehemu ya saba, pamoja na upana wa mshono.

Hali ya sasa

Kompyuta hufanya hesabu hii, lakini mwenye kutengeneza kalibu angali huvuta maduara machache ya majaribio kwanza, ndipo achonge chuma cha kukatia.