Uandishi wa Kiswahili chuoni, kazini na mtaani

Uandishi, kwa maana inayotumika katika makala hii, ni stadi ya kupanga mawazo katika maandishi ili msomaji asiyekuwepo mbele ya mwandishi aelewe jambo na aweze kulifanyia kazi. Stadi hii huanza kufundishwa shule ya msingi kwa njia ya insha na barua, huendelezwa chuoni katika ripoti na tasnifu, kisha hutumika maisha yote: maombi ya kazi, dokezo la ofisini, kumbukumbu za mkutano wa chama, hati ya kuuziana kiwanja, risala kwa mgeni rasmi, ujumbe wa simu. Shule za Afrika Mashariki zimemfundisha mwanafunzi kuipamba lugha kuliko zilivyomfundisha kumfikiria atakayeisoma. Sehemu kubwa ya kujifunza kuandika vizuri baada ya shule ni kuziba pengo hilo.

Chimbuko

Kiswahili kiliandikwa kwa hati ya Kiarabu muda mrefu kabla ya kuja kwa wamisionari na hati ya Kilatini. Historia yake kwa kawaida husimuliwa kwa kuanzia na tenzi, hasa Utendi wa Tambuka wa Pate, ambao nakala yake ni ya mwaka 1728. Lakini miongoni mwa maandishi ya kale kabisa yaliyosalia zimo pia barua za mwanzoni mwa karne ya 18 zilizotoka Kilwa, ambazo zimehifadhiwa Goa, India. Waliozituma walikuwa na shida zao na mambo yao ya kuafikiana na watu wa mbali. Kwa hiyo maandishi ya haja yana umri mkubwa katika lugha hii, na hayastahili kuhesabiwa kuwa ndugu mdogo wa ushairi.

Barua za pwani zilikuwa na umbo lililojulikana: kwanza jina la mwandikiwa na sifa zake, kisha salamu na dua, halafu mwandishi akasema “ama baada ya salamu” na kuingia katika jambo lenyewe. Umbo hilo halijafa. Barua ya kirafiki inayofundishwa leo bado huanza kwa kumjulia hali msomaji, na ndipo likaja dhumuni la barua.

Nathari ndefu ilipata sura mpya mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyefundisha Kiswahili Berlin kuanzia mwaka 1900, ndiye mwandishi mkuu wa Desturi za Waswahili, kitabu kilichochapishwa na Carl Velten mwaka 1903. Mwaka 1923 lilianzishwa gazeti la Mambo Leo katika Tanganyika, likawa uwanja wa mazoezi wa waandishi wengi. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1930, ilisanifisha tahajia kwa msingi wa lahaja ya Unguja, na mpaka leo mwanafunzi anayesahihishwa kwa kuandika “kwasababu” neno moja anasahihishwa kwa kanuni za urithi huo. Shaaban Robert (1909–1962), mtumishi wa serikali aliyeanzia idara ya forodha, alitoa Kielezo cha Insha mwaka 1954. Barua alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge kati ya 1931 na 1958 zilikuja kuchapishwa kitabu, na zinafaa kusomwa na kila anayejifunza, kwa kuwa zinamwonyesha bingwa wa insha akiandikia mtu mmoja mambo ya nyumbani.

Insha ya shuleni

Nchini Kenya, hadi mtihani wa KCPE ulipofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, mtoto wa darasa la nane alipewa dakika 40 kuandika insha moja ya alama 40, na mara nyingi alitakiwa kuendeleza au kumalizia kwa maneno aliyopewa. Katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, mtahiniwa ameandika insha mbili kwa saa moja na dakika 45, kila moja ya maneno yasiyopungua 400 na alama 20. Ya kwanza ni ya lazima na huwa ya kiuamilifu, kama barua, ripoti, hotuba au kumbukumbu. Ya pili huchaguliwa kati ya tatu zilizobaki, ambamo haikosi methali. Tanzania nayo hufundisha barua, hotuba, risala, matangazo na kumbukumbu za mikutano pamoja na insha.

Shinikizo la mtihani limezaa desturi ya kukariri. Watoto huhifadhi mianzo ya kupendeza, jua lililokuwa likiwaka kama tanuri, misemo ya “kata wa kata” na “bukrata wa ashiya”, kisha huipachika popote insha inapoanza. Si haki kuidharau desturi hiyo yote. Mtoto aliyekariri misemo mia moja ana akiba ya maneno ambayo mwenzake hana, na Kiswahili ni lugha inayothamini usemi uliopambwa. Ubaya wake ni kwamba humzoeza kuandika kabla hajaamua anachotaka kusema, na kumfanya aamini kuwa msomaji wake ni msahihishaji peke yake, mtu anayelipwa kusoma mpaka mwisho. Mkurugenzi, hakimu na jirani hawako hivyo.

Chuoni

Mwanafunzi wa Tanzania hukutana na tatizo la pekee. Katika shule za msingi za serikali ameandika kwa Kiswahili kwa miaka saba, kisha sekondari na chuo humhamishia katika Kiingereza kwa karibu masomo yote, na kazi humrudisha katika Kiswahili. Matokeo yake, mhitimu hujua vipengele vya ripoti katika lugha moja na adabu za mawasiliano katika nyingine. Anapoandika ripoti kwa Kiswahili hutafsiri kimya kimya, na sentensi zake hujaa “kufanya utekelezaji wa” mahali ambapo “kutekeleza” kungetosha.

Uandishi wa kitaaluma kwa Kiswahili upo na una mapokeo yake. Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoirithi kazi ya ile Kamati ya 1930 kupitia Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI), hutoa majarida ya Kiswahili, Mulika na Kioo cha Lugha, na tasnifu za Kiswahili zimeandikwa huko na katika vyuo vya Kenya. Mpangilio unaozoeleka ni ikisiri, utangulizi, mapitio ya maandiko, mbinu za utafiti, matokeo na mjadala, hitimisho na marejeleo. Anayeanza hukwama zaidi katika mapitio ya maandiko, kwa kuwa huorodhesha waandishi mmoja baada ya mwingine bila kuonyesha wanakubaliana wapi na wanapingana wapi. Dawa ni kupanga sehemu hiyo kwa maswali badala ya majina ya watu: kila aya ishike swali moja, na waandishi waitwe kulijibu. Wazo la mtu mwingine hutajwa kuwa ni lake, hata kama maneno yamebadilishwa yote.

Kazini

Mwaka 1967 serikali ya Tanzania iliagiza shughuli zake ziendeshwe kwa Kiswahili, na mwaka huohuo likaundwa Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA). Lugha ya majalada ikakua haraka: Kumb. Na., S.L.P., k.n.y., dokezo, mrejesho. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, jambo lililowalazimu mahakimu na mawakili wengi kujifunza upya kuandika hoja za kisheria katika lugha ambayo mahakama za mwanzo zilikuwa zikiitumia tangu zamani.

Barua rasmi ya Tanzania huwa na anwani mbili, tarehe, kumbukumbu namba, salamu fupi na kichwa kinachotanguliwa na YAH. Kenya hutumia KUH au MINT. Hayo hujifunzwa kwa siku moja. Kinachochukua muda ni aya ya kwanza. Maelfu ya barua huanza kwa “Husika na kichwa cha habari hapo juu”, sentensi isiyompa msomaji chochote ila kumrudisha alikotoka. Baada yake huja historia ya mwombaji, na ombi lenyewe hujificha chini karibu na sahihi. Barua ya likizo ingeweza kuanza hivi: “Naomba likizo ya siku kumi kuanzia tarehe 3 Juni ili nimuuguze mama yangu, ambaye amelazwa. Kazi zangu atazishika mwenzangu wa zamu, na tumekwisha kukubaliana.” Msimamizi anajua anaombwa nini, lini, kwa nini, na ofisi itaathirika vipi. Heshima haijapungua, kwa kuwa imebebwa na cheo cha mwandikiwa, na neno “naomba”, na mwisho wa barua. Wengi huogopa kwamba kusema haja mapema ni utovu wa adabu. Katika barua ya ofisi, adabu ni kutomchosha mwenye mafaili mengine arobaini mezani.

Kumbukumbu za mkutano zina mpangilio ulio imara: waliohudhuria, wasiohudhuria kwa udhuru, kufungua kikao, kusoma na kuthibitisha kumbukumbu zilizopita, yatokanayo, ajenda mpya, mengineyo, kufunga. Udhaifu wake mara nyingi umo katika kitenzi. “Iliamuliwa kuwa paa litengenezwe” haisemi nani atatengeneza, kwa fedha zipi wala kabla ya lini, na katika kikao kijacho yatokanayo yatakuwa ugomvi. “Mkutano uliamua mweka hazina alete makadirio ya gharama za paa kabla ya tarehe 15 Machi” ni sentensi inayoweza kumdai mtu. Katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa, kama VICOBA au SACCOS, anayeandika hivyo huwalinda wanachama wenzake kuliko katiba ya kikundi ikiwa kabatini.

Nyumbani na mtaani

Elimu ya watu wazima ilitangulia shule kuelewa kwamba maandishi huandikwa ili yatumike. Tanzania iliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mradi wa kisomo chenye manufaa katika mikoa ya Ziwa ulifundisha kusoma na kuandika kupitia kazi za wanafunzi wenyewe, kilimo bora cha pamba kikiwemo. Watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walipungua kutoka takriban asilimia 67 mwaka 1967 hadi 39 mwaka 1975. Mkulima aliyejifunza kuandika kwa kujaza kilo za pamba yake alijua tangu siku ya kwanza kwamba maandishi yana kazi.

Katika maandishi yote ya mtaani, hati ya kuuziana kiwanja ndiyo inayoumiza zaidi ikiandikwa vibaya. Mara nyingi huandikwa kwa mkono mbele ya mjumbe au mtendaji, watu wakiwa na haraka na furaha ya biashara iliyokwisha. Hati inayofaa hutaja majina kamili ya muuzaji na mnunuzi, kijiji au mtaa, mipaka ya pande zote nne, kila upande kwa jina la jirani, barabara au mto, ukubwa kwa hatua au mita, bei kwa tarakimu na kwa maneno, kilicholipwa, kilichobaki na siku ya kukimaliza, mashahidi wa kila upande, sahihi au alama ya dole gumba, na tarehe. Ikiwa muuzaji ana mke au mume, au kiwanja ni cha urithi, ridhaa ya wanaohusika iandikwe ndani ya hati hiyohiyo. “Nimemuuzia shamba langu la kule mtoni” kilikuwa kielezo tosha kwa waliokuwepo siku ile. Miaka ishirini baadaye, wajukuu wakiwa mbele ya baraza la ardhi, mto una mashamba mengi.

Barua ya posa ni aina nyingine yenye uzito, nayo inakwenda kinyume na barua ya ofisi. Hapa haja huletwa polepole, kwa lugha ya mafumbo na unyenyekevu, na familia hutafuta mtu anayejua kuandika. Ukiianza kwa mtindo wa maombi ya kazi utawavunjia wazee heshima. Mwandishi mzuri hutambuliwa kwa kujua wakati wa kufika mapema na wakati wa kuzunguka.

Ujumbe wa simu umeleta vifupisho vya vijana, “xaxa”, “cjui”, ambavyo havina madhara baina ya marafiki. Kosa kubwa zaidi ni kumtumia mkubwa “Shikamoo” au “Habari za kazi, bosi” kisha kunyamaza ukisubiri jibu. Salamu na haja ziende pamoja katika ujumbe mmoja, ili anayeuona baada ya saa tatu aweze kujibu mara moja.

Sentensi na usahihishaji

Kiswahili humpa mwandishi vifaa ambavyo mazoea ya tafsiri humsahaulisha. Kiambishi -ka- huunganisha matukio bila msururu wa “halafu” na “baada ya hapo”: alifika, akagonga, akasubiri, akaondoka. Kirejeshi cha ndani ya kitenzi hufupisha: “fundi aliyekuja jana” huenda mbio kuliko “fundi ambaye alikuja jana”, ingawa amba- inafaa sentensi inapolemewa. Upatanisho huvunjika nomino inapokaa mbali na kitenzi chake, kama katika “mapendekezo ya kamati ya wizara iliyopitishwa”: ni mapendekezo yaliyopitishwa, au ni kamati? Makosa ya l na r, dh na z, h inayodondoka, hutokana na matamshi ya lugha za nyumbani, na hayaondoki kwa kukemewa. Huondoka kwa kusoma sana na kufungua kamusi, iwe Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI (1981) au Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA (2015).

Kusahihisha hufanywa mara mbili, kwa macho tofauti. Mara ya kwanza mwandishi huuliza kama msomaji atajua afanye nini, na hapo huhamisha aya nzima au kuifuta. Mara ya pili husoma kwa sauti, kwa kuwa sikio hukamata upatanisho uliovunjika na sentensi iliyokosa pumzi kabla jicho halijaona. Majina ya watu, tarehe na kiasi cha fedha hukaguliwa peke yake, mtu mmoja akisoma na mwingine akifuata katika nakala, na kwa hati ya ardhi kazi hiyo hufanywa kabla mtu yeyote hajatia sahihi.