Hanuka na Krismasi chini ya Paa Moja

Desemba 1814 jiji la Vienna lilijaa wafalme na mawaziri waliokuja kuipanga upya Ulaya baada ya vita vya Napoleon. Makachero nao walinusa kila nyumba yenye wageni. Mmoja wao aliandika taarifa isiyo na siasa nyingi: nyumbani kwa Fanny von Arnstein, mke wa tajiri wa benki, Myahudi, kulikuwa na karamu ya mti wa Krismasi kwa desturi ya Berlin, alikozaliwa mama huyo. Wageni walipewa zawadi za mtini, zikaimbwa nyimbo za kuchekesha, kisha wakaandamana chumba hadi chumba na zawadi zao mikononi. Kachero akaongeza kwamba walikuwapo jamaa wa nyumba hiyo, waliobatizwa na waliotahiriwa.

Hapo ndipo moyo wangu unapotua. Fanny alikufa Myahudi mwaka 1818; bintiye Henriette aliingia Ukatoliki. Mama na mwana, dini mbili, mti mmoja. Sisi wa mwambao, tuliokulia katika koo zenye Idi na Krismasi, hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Wengi hudhani mseto huu wa Krismasi na Hanuka, sikukuu ya Kiyahudi ya taa, ulizaliwa Marekani, kwa kuwa tamthilia ya The O.C. ililivumisha jina Chrismukkah mwaka 2003. Wajerumani walikuwa na lao zamani, Weihnukka. Mwaka 1904 gazeti la Kiyahudi la vichekesho, Schlemiel, lilichora kinara cha Hanuka kikigeuka hatua kwa hatua kuwa mti wa Krismasi. Uchungu wa mchoro ule ulikuwa wa kweli: waliouchora waliogopa kumezwa.

Gershom Scholem, msomi mkubwa wa fumbo la Kiyahudi, aliuonja utotoni Berlin. Krismasi ya 1911, akiwa na miaka 14, alikuta chini ya mti wa nyumbani picha ya Theodor Herzl, baba wa Uzayuni, harakati za kuwapatia Wayahudi taifa lao. Mama yake alimchagulia kwa mapenzi, akijua kijana anavutiwa na Uzayuni. Tangu siku hiyo, Krismasi ikifika, Scholem alitoka nyumbani. Namwelewa mwana, ila namhurumia zaidi yule mama.

Hanuka hufuata kalenda ya Kiyahudi, hivyo tarehe zake huhama. Mwaka 2024 usiku wake wa kwanza uliangukia jioni ya 25 Desemba. Katika nyumba zenye vyote viwili, jioni hiyo kinarani uliwaka mshumaa mmoja tu na ule wa kuwashia wenzake, taa za mti zikimeremeta pembeni.