Kabla ya kuchimba bwawa jingine: somo la Korogwe, 1949

Ukimsikia mfugaji wa samaki akisema "vifaranga nimeviweka kwenye hapa", usidhani amekosea Kiswahili. Hapa ni jina la kizimba: neti ya matundu madogo, iliyoshonwa kama chandarua kilichogeuzwa juu chini na kufungwa kwenye miti minne ndani ya bwawa. Jina lenyewe limetufikia kutoka kwa wafugaji wa Asia. Tatizo linalotatuliwa na neti hiyo, lakini, sisi tuna historia nalo ndefu, na sehemu ya historia hiyo inaanzia Tanga. Ngoja nikusimulie.

Mwaka 1949, majaribio ya kufuga perege Tanganyika yalianza sehemu mbili: Korogwe, na Malya kule Mwanza. Mkonge ulikuwa umetawala uchumi wa Tanga wakati huo, na perege walipandikizwa hata kwenye mabwawa ya maji ya viwanda vya mkonge. Hesabu ni rahisi: maji yapo tayari, kwa nini yasitoe na kitoweo?

Watu wakachimba kwelikweli. Mwaka 1967 serikali ikaanzisha kampeni ya kitaifa, na kufikia 1968 nchi ilihesabiwa kuwa na mabwawa kama 8,000. Idadi si mchezo! Ila mengine yalikuwa na mita za mraba 20 tu, yaani vyumba viwili vya kupanga, na mavuno yalikuwa kidogo mno. Kampeni haikufanikiwa. Kwa juhudi hizi za ufugaji tangu majaribio ya mwanzo, sababu zinazotajwa za kukwama ni usimamizi mbovu, teknolojia isiyofaa, ukame na miundombinu duni.

Hizo ni sababu za kweli. Mimi naomba tuitazame kwa karibu hiyo "teknolojia isiyofaa", tukianza na perege mwenyewe.

Perege anazaa upesi. Akiwa na miezi michache tu, bado mdogo kuliko kiganja chako, jike tayari anataga na kuatamia mayai mdomoni. Weka madume na majike kwenye bwawa moja, ondoka, rudi baada ya miezi sita: wazazi, watoto na wajukuu wote wanagombania chakula kilekile. Bwawa limejaa, sufuria haijai. Mkulima anaona dagaa mahali alipotegemea samaki wa kukaanga, anakata tamaa, nyasi zinaota.

Wanasayansi walilijua tatizo hilo mapema. Mwaka 1960 C. F. Hickling, akifanya kazi Malacca, alieleza kwamba dume la perege aliyetoka Zanzibar akipandishwa na jike la perege wa Msumbiji, watoto wote wanatoka madume. Madume watupu maana yake hakuna kuzaliana, na wanakua haraka. Kumbe samaki wa pwani yetu alishiriki kutafuta jibu, tena mbali na kwao!

Hapa inafuata wazo hilohilo la kudhibiti uzazi, ila kwa njia ambayo mkulima anaweza kuishika mkononi. Wazazi wanawekwa ndani ya neti, kwa kawaida dume mmoja kwa majike wawili au watatu. Kila baada ya wiki mbili hivi unainua neti, unachota vifaranga na kuvihamishia kwenye hapa nyingine ya kulelea. Huko wazazi hawavili, unajua idadi yake, unavilisha, unavipanga kwa ukubwa. Bwawa la kukuzia linapokea samaki wa rika moja waliohesabiwa.

Ina kazi yake, nisikudanganye. Mwani unaziba matundu, maji yanaacha kupita, na alfajiri vifaranga vinaelea juu vikitafuta hewa. Lazima neti isuguliwe mara kwa mara. Ikichanika sehemu moja tu, umerudi 1949.

Kwa nini nakuandikia haya leo? Kwa sababu bado tunapenda kupima ufugaji kwa idadi ya mabwawa. Bwawa linaonekana, linapigwa picha, linazinduliwa. Kifaranga hakionekani. Siku mtu akija kijijini kwenu, iwe Muheza, Pangani au Korogwe kwenyewe, akawahimiza mchimbe, msikilizeni, kisha muulizeni: vifaranga vitatoka wapi, na nani atavilea? Akikosa jibu, hifadhini majembe kwanza.