Waliokimbia na Waliohamia: Makanisa ya Tarime na Serengeti

Historia ya wakimbizi nchini Tanzania huandikwa kutoka magharibi: Ulyankulu na Mishamo kwa Warundi wa 1972, Benaco kwa Wanyarwanda wa 1994, Nyarugusu kwa Wakongo mpaka leo. Mkoa wa Mara hauna kambi, na pengine ndiyo maana hautajwi. Hata hivyo Tarime na Serengeti zimejaa watu ambao mababu zao walifika mbio, na makanisa ya huko yamejengwa zaidi na waliohama kuliko na waliotumwa.

Kabla ya mmishonari yeyote kufika, nchi hii ilikwisha kutawanyika. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 yalikuja mashambulizi ya Wamasai, ndui, njaa, na katika miaka ya 1890 sotoka iliyomaliza ng'ombe. Wanata, Waikoma na Waisenye waliacha makazi yao. Wengine waliomba hifadhi Usukuma. Wangoreme walipanda vilimani. Mwanahistoria Jan Bender Shetler, aliyeishi Mara na kukusanya masimulizi ya wazee, ameeleza katika kitabu chake Imagining Serengeti (2007) jinsi jamii hizi zilivyojiunda upya baada ya maafa hayo. Mgeni aliingizwa katika ukoo, au akapewa nafasi katika rika, na wajukuu wake wakahesabiwa wenyeji. Kwa hiyo tusiseme kwamba kanisa ndilo lililowafundisha watu wa Mara kupokea wageni. Kazi hiyo walikuwa na taratibu zake, na zilikuwa zimejaribiwa.

Mpaka wa Waingereza na Wajerumani ukawakata Wakurya sehemu mbili, hawa Kenya na hawa Tanganyika. Wajaluo nao walikuwa wakisogea kusini kando ya ziwa, wakitafuta mashamba na malisho. Tarime ya kikoloni, ambayo ilibeba pia Rorya ya leo, ikawa wilaya ya majirani wasioelewana lugha na mara nyingi wasioaminiana, hasa palipokuwa na ng'ombe.

Hapo ndipo Wamennonite wa Pennsylvania walipofika mwaka 1934. Wao wenyewe walikuwa uzao wa waliokimbia: mababu zao walifukuzwa na kuuawa Uswisi na Ujerumani kwa sababu ya imani, wakavuka bahari. Orie Miller, aliyekuja kutafuta mahali pa kuanzia pamoja na Elam Stauffer, alikuwa amepeleka misaada kwa Wamennonite wenye njaa kusini mwa Urusi mwaka 1920. Walianza Shirati, katika nchi ya Wajaluo. Vikafuata vituo vya Bukiroba, Mugango na Bumangi, na mwaka 1940 Nyabasi, upande wa Wakurya. Kila kituo kilikuwa na watu wake na lugha yake.

Lugha ilikuwa jambo gumu kuliko mafundisho yenyewe. Kijaluo kilikuwa na Agano Jipya tangu 1926, wakati Wakurya walikuja kulipata lao miaka ya 1990. Mjaluo aliyekwenda kuhubiri kwa Wakurya hakuwa na kitabu cha kuwasomea kwa lugha yao, wala wao hawakuwa na hamu ya kusomewa kwa Kijaluo. Kiswahili kikachukua nafasi hiyo. Sifa yake kubwa, naona, haikuwa urahisi, maana bibi wa Nyabasi hakukijua zaidi ya bibi wa Shirati. Sifa yake ni kwamba hakikuwa cha yeyote kati yao. Kwenye mkutano wa Kiswahili kila mtu alikuwa mgeni, na hapakuwa na mwenyeji wa kumkaribisha mwenzake kwa majivuno. Gharama ilikuwepo pia: walioachwa nyuma walikuwa wanawake na wazee ambao hawakupita shuleni, waliokaa ibada nzima wakidaka nusu ya maneno.

Agosti 1942 uamsho uliokuwa umeanza Rwanda na Uganda ukafika Shirati. Watu walisimama kanisani wakaungama mbele ya wote, wizi, chuki na uzinzi, na wamishonari wakaungama pia. Wimbo wa uamsho huo, Tukutendereza, uliimbwa kwa Kiganda, lugha ambayo hapo Shirati haikuwa ya nyumbani kwa mtu. Zedekia Kisare, Mjaluo aliyekuwa miongoni mwa waumini wa mwanzo na aliyewekwa wakfu mwaka 1967 kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa Kanisa la Mennonite Tanzania, aliuona uamsho huo kama mwanzo wa undugu uliovuka kabila na rangi. Namwamini, ila undugu wa ibadani haukumaliza ushindani wa nani aongoze.

Kusini mwa Mto Mara mambo yalikwenda kwa miguu. Kuanzia miaka ya 1950 familia za Kikurya kutoka Tarime zilivuka kutafuta ardhi upande wa Mugumu, na dini ikavuka nazo. Wakati huohuo Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyotangazwa 1951, ilikuwa ikiwafungia wenyeji mapori yao ya kuwinda. Operesheni Vijiji ya 1974 ikahamisha watu tena, na Wakristo wa madhehebu mbalimbali wakajikuta mtaa mmoja. Wakatoliki walikuwa na shirika la Maryknoll, lililofika Musoma mwaka 1946 na kufungua shule ya Kiswahili ya Makoko. Waadventista walitangulia tangu enzi za Wajerumani. Karibuni zaidi, dhahabu ya Nyamongo imevuta watu wa kila mkoa, na ibada za huko hazina kabila.

Wakati waumini wakichanganyika, uongozi ulikuwa ukigawanyika. Wamennonite waligawa kanisa lao kuwa dayosisi ya Kaskazini na ya Kusini. Waanglikana wa Dayosisi ya Mara, iliyoanzishwa 1985, walizaa mwaka 2010 Dayosisi ya Rorya na Dayosisi ya Tarime, ya pili chini ya Askofu Mwita Akiri, ambaye ni mwanahistoria wa kanisa. Sababu zilizotolewa ni umbali na wingi wa waumini, nazo ni za kweli. Hata hivyo anayezijua wilaya hizi ataona mara moja kwamba mipaka mipya inakaribiana sana na ya Wajaluo na Wakurya.

Wanaokimbia siku hizi ni wasichana. Kwa Wakurya ukeketaji huja kwa msimu, likizo ya Desemba, hasa miaka inayogawanyika kwa mbili, baada ya wazee wa mila wa kila koo kutoa idhini. Sheria ya 1998 inakataza kumkeketa aliye chini ya miaka 18. Kenya ilipokaza yake mwaka 2011, mpaka uleule wa kikoloni ukawa na kazi mpya: ngariba na wazazi huuvuka kukwepa polisi, na wasichana huuvuka kujiokoa. Kituo cha Wakatoliki cha Masanga, Tarime, hupokea mamia msimu ukifika. Mugumu, Dayosisi ya Anglikana ya Mara ilifungua Nyumba Salama mwaka 2014 chini ya Rhobi Samwelly, ambaye mwenyewe alikeketwa akiwa mtoto. Tangu 2017 shirika analoliongoza lina nyumba ya pili wilayani Butiama.

Ndani ya nyumba hizo hulala mabinti wa koo ambazo kaka zao huko nje wamepigana kwa mishale na mapanga. Msimu ukipita, wazazi huitwa mbele ya ustawi wa jamii na dawati la jinsia la polisi, watie sahihi kwamba hawatamkeketa binti akirudi. Wengi husaini. Wanaokataa si wote wapagani. Wamo wanaokaa kanisani kila Jumapili, wenye hofu ya kukosa mahari na ya kusemwa na ukoo. Mabinti wao hubaki katika nyumba hizo za hifadhi, wakasomeshwa au wakafundishwa ushonaji, hadi Desemba nyingine iwaletee wenzao.