Jina la Mwana wa Kipling na Sanamu ya Askari

John Kipling, afisa wa kikosi cha Irish Guards, alipotea katika mapigano ya Loos, nchini Ufaransa, tarehe 27 Septemba 1915. Alikuwa ametimiza miaka 18 mwezi uliotangulia. Macho yake yalikuwa mabovu, naye alikwisha kukataliwa jeshini kwa sababu hiyo. Ni baba yake, mwandishi Rudyard Kipling, aliyemwendea Lord Roberts ili kijana apatiwe nafasi. Maiti haikuonekana. Wazazi walitumia miaka kuwahoji askari waliorudi, na habari walizopewa hazikupatana.

Mwaka 1917 Kipling aliingia katika Tume ya Kifalme ya Makaburi ya Vita, akawa ndiye mteuzi wa maneno yake. Kanuni ya Tume ilikuwa kwamba kila aliyekufa akumbukwe kwa jina, ama kaburini ama, kaburi lisipojulikana, ukutani. Jina la John likachorwa katika ukuta wa Loos. Mwaka 1992 kaburi moja lisilo na jina, huko Haisnes, lilitangazwa kuwa lake, ingawa wako waliobisha.

Kalamu hiyo hiyo ndiyo iliyotunga maneno ya Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927. Yameandikwa kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, tena Kiswahili chenyewe kwa herufi za Kiarabu na za Kirumi. Yanawataja askari na wapagazi, kisha yanaahidi kwamba mwenye kupigania nchi yake, ajapokufa, wanawe watalikumbuka jina lake. (Nchi ipi, wengi wa wapagazi wakiwa wamekamatwa kwa nguvu, ni swali ambalo jiwe halilijibu.) Walakini hapana jina hata moja la marehemu lililochorwa hapo. Kwa msomaji wa Kiswahili upungufu huo si mdogo: mtu hujulikana kuwa ni fulani bin fulani, na mjukuu huitwa kwa jina la babu yake.

Haifai kumtwisha Kipling peke yake lawama hiyo. Wakubwa wa serikali za kikoloni walishikilia kwamba Mwafrika hangethamini jiwe la kaburi, na Tume ikakubali. Taarifa yake ya mwaka 2021 ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Baba wa Kiingereza aliweza kuuliza, akaandikiwa majibu, japo ya kukanganya. Baba wa mpagazi aliyekufa kwa kuhara njiani hakuwa na ofisi ya kuuliza.

Jina lililosalia ni la kundi zima. Carrier Corps, yaani jeshi la wapagazi, liligeuka katika vinywa vya watu kuwa Kariakoo, mtaa na soko la Dar es Salaam, na Kariokor huko Nairobi.