Chura kibete wa majini: Ukimfuga Matai, pambana kwanza na baridi

Anakaa kwenye kiganja cha mkono na nafasi inabaki. Chura kibete wa majini, ambaye wanasayansi humwita Hymenochirus, hafikii hata urefu wa kidole cha mtu mzima, na akitunzwa vizuri anaishi miaka mitano au zaidi. Kwao ni kwenye misitu yenye joto, kuanzia Nigeria na Kameruni hadi DR Congo.

Hapo ndipo shida inapoanza kwa mtu wa Matai. Chura huyu anataka maji ya nyuzi joto 22 hadi 26, usiku na mchana. Uwanda wa Ufipa, Juni na Julai, watu wanajifunika mablanketi mawili! Maji yakipoa chura huzubaa, anaacha kula na kuugua inakuwa rahisi. Kwa hiyo nunua hita ndogo ya tangi na kipimajoto kabla ya kumnunua chura mwenyewe. Umeme ukikatika, zungushia tangi blanketi. Usimwage maji ya moto ndani, mabadiliko ya ghafla nayo yanaua.

Juu ya tangi acha hewa ipite. Huyu si samaki, anapumua kwa mapafu na lazima apande juu kuvuta pumzi, hivyo kina cha sentimita 30 hivi kinatosha. Mfuniko wenye matundu ni lazima maana hutoroka, na akianguka sakafuni ngozi inakauka, anakufa upesi.

Maji usiyafuate Kasanga. Ziwa Tanganyika linalea samaki wa mapambo wanaotafutwa dunia nzima, lakini maji yake yana alkali nyingi mno kwa chura huyu. Chukua ya bomba, yaache kwenye ndoo wazi siku nzima klorini itoke. Kila wiki badilisha robo ya maji ya tangi. Ukisubiri yanuke, umeshachelewa.

Chakula? Viluwiluwi vya mbu na minyoo midogo. Hana ulimi na macho yake ni hafifu, ananusa chakula kisha anakisukumia mdomoni kwa mikono. Ukimchanganya na samaki wenye kasi, atalala njaa.

Na usiokote chura wa bwawani ukadhani ni yeye. Kibete ana utando kwenye miguu yote minne. Chura wa makucha, Xenopus, ambaye Tanzania yupo, hana utando kwenye vidole vya mbele, anakua mkubwa na anaweza kummeza mwenzake.

Nawa mikono kwa sabuni kila ukigusa tangi, hasa watoto. Kati ya 2008 na 2011 nchini Marekani, vyura hawa waliambukiza bakteria wa salmonela watu zaidi ya 200, wengi wao watoto.

Kuna na ukungu wa ngozi ambao vyura wa kufugwa huweza kuubeba. Ukungu huo ulikutwa kwenye vyura wa Kihansi, kule Udzungwa, walipokufa kwa wingi mwaka 2003, wakati bwawa la umeme lilikuwa limeshapunguza maji ya maporomoko yao. Mwaka 2009 wakatangazwa kutoweka porini. Kwa hiyo ukichoka kufuga, usimwachie mtoni, mtafutie mfugaji mwingine. Na maji machafu ya tangi yatie dawa ya klorini, kisha yamwage kwenye ardhi kavu, mbali na mfereji wowote unaoelekea Mto Kalambo.